Shemeji Olaf

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, huniuliza kwanza tulishinda mara ngapi. Hilo ni swali la wasiojua mchezo. Waulize tulichezea wapi, hapo tutaongea. Sisi tulichezea juu ya ghala la unga la Bwana Sorley, pale Lindal, Minnesota, katika ukumbi ambao katikati yake ilisimama nguzo.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya mwaloni, nene, na ndiyo iliyobeba paa. Kuiondoa ilikuwa ni kulishusha paa na theluji yake yote juu ya vichwa vyetu. Bi Whitcomb, mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo, aliizunguka mara mbili siku ya kwanza, akashusha pumzi, akachukua chaki. Aliigawa sakafu mafungu matatu kama sheria za wasichana zilivyotaka wakati ule: mabeki wawili huku, washambuliaji wawili kule, na viungo wawili katikati. Hakuna kuvuka mstari, hakuna kukimbia na mpira mkononi. Ukiupata, simama, tupa. Nguzo ikaangukia fungu la katikati, na kiungo mkuu wa katikati nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na urefu wa futi sita kasoro kidole. Msinionee wivu. Baba yangu, Halvor Nygaard, alijenga nyumba yetu kwa magogo mwaka aliofika kutoka Norwe, akapima mlango kwa kichwa chake mwenyewe, na baba ni mfupi. Kwa hiyo neno nililolisikia kila siku ya maisha yangu lilikuwa moja: "Inama, Thora." Kanisani nilikaa benchi la nyuma ili wenzangu waone. Kwenye picha ya darasa walinikalisha chini. Nilishazoea kutembea mabega yamekunjamana, kama mtu anayeomba radhi kwa kuja.

Halafu siku ile, juu ya magunia ya unga, Bi Whitcomb akanipulizia firimbi: "Nygaard! Simama wima! Mikono juu!" Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Niliupenda mchezo ule tangu dakika hiyo, na sioni aibu kusema kwamba niliupenda kuliko masomo yaliyonipeleka chuoni.

Aliyeipa nguzo jina ni Tillie Brandt, mshambuliaji wetu, binti wa mwoka mikate wa Kijerumani. Tillie alikuwa mfupi, mwepesi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha baba yake. Alinikuta siku moja nimeegemea ile nguzo nikipumua.

"Jamani, Thora kapata mchumba!"

"Niache, Tillie."

"Tena mchumba wa maana. Hanywi, hagombani, harudi nyumbani akinuka tumbaku. Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Basi ni Olaf. Kila familia ina mjomba Olaf, akishasimama njiani hasogei."

Kufikia Krismasi timu nzima ilikuwa inamwita Shemeji. Wakiingia ukumbini walimpiga kofi la mgongo: "Shemeji, umeamkaje?" Na mimi wakaniita mke wa Olaf, nikavumilia, maana ukikasirika kwa utani wa Tillie unajiongezea.

Ila tulijifunza kucheza naye, tena vizuri mno. Nilijua hatua zake. Ningekimbia kumwelekea nikiwa na mpinzani begani, moja, mbili, tatu, halafu kushoto ghafla. Mimi napita. Mpinzani anakutana na Olaf. Mpira unanikuta peke yangu upande wa pili, naurusha kwa Tillie, Tillie anatumbukiza. Tulishinda mechi tatu za nyumbani kwa namna hiyo. Kila baada ya mechi tuliwapa wageni kakao na mikate kama ilivyokuwa desturi, nao walikunywa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika uvimbe.

Mwezi wa kwanza wakaja wasichana wa chuo cha Harwick. Nahodha wao, Lavinia Prescott, alicheza katikati dhidi yangu, na alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko mimi. Leo nalisema, siku ile ningekufa kwanza. Alinikaba hadi nikakosa mahali pa kuweka mguu, na dakika za mwisho tulikuwa sita kwa sita. Nikaamua kumpeleka kwa Olaf. Moja, mbili, tatu, kushoto.

Mlio ule bado ninao masikioni. Lavinia alikaa chini polepole, damu ya pua ikamwagikia kola yake nyeupe. Mchezo ukasimama, ukaendelea, tukashinda tisa kwa sita. Wenzangu walirukaruka. Mimi sikuruka, kwa sababu nilijua nilichofanya. Haikuwa ajali.

Kwenye kakao alikaa peke yake, kitambaa chenye theluji kimefunika pua. Nikamfuata.

"Umecheza vizuri," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Wewe hukucheza," alijibu kwa sauti ya puani. "Amecheza mumeo." Alikuwa ameshausikia utani wetu. "Njoo kwetu mwezi wa tatu. Ukumbini kwetu hakusimami kitu, wanasimama watu tu. Tuone utamgongesha nani."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Habari za damu zikamfikia mkuu wa chuo, Bwana Lathrop. Lazima mjue kwamba wanaume hawakuruhusiwa kututazama tukicheza, kwa ajili ya zile suruali zetu pana za mazoezi zilizoishia chini ya goti. Mkuu hakuwahi kuuona mchezo kwa macho yake. Alimtuma mkewe, Bi Lathrop, naye akirudi anamsimulia wakati wa chakula. Kwa hiyo aliyetuhukumu alikuwa mtu aliyeusikia mpira wa kikapu kati ya supu na viazi.

Alituita ofisini, Bi Whitcomb na mimi.

"Mechi ngapi za nyumbani mmeshinda?"

"Nne, Bwana Mkuu."

"Na ngapi za ugenini?"

"Bado hatujacheza ugenini," alisema Bi Whitcomb. "Zimebaki mbili, zote huko."

"Vema. Mchezo ambao mshindi wake ni mti si mchezo. Bwana Sorley anautaka ukumbi wake aweke magunia. Shindeni walau moja kati ya hizo mbili, mtacheza tena mwakani. Mkishindwa zote, nitamrudishia ukumbi, nanyi mtarudia mazoezi ya virungu, yenye heshima zake."

Mazoezi ya virungu ni kusimama kwenye mstari na kuzungusha virungu viwili vya mbao huku mtu akipiga piano. Wengine wangekosa mchezo. Mimi ningerudi benchi la nyuma, mabega yamekunjamana, na safari hii nikijua nilichokosa.

Mechi ya kwanza ya ugenini tuliicheza katikati ya mwezi wa pili, katika chuo kimoja cha kando ya mto. Ukumbi wao ulikuwa mkubwa na safi, hauna kitu. Tuliingia tukaangaliana kama watu waliokaribishwa katika nyumba isiyo na viti.

Kisha mchezo ukaanza, na sisi, wasichana sita wenye akili timamu, tukaanza kumkwepa Olaf. Mabeki wetu waliutupa mpira kwa kuupindisha ili usimgonge. Mwenzangu wa katikati, Hedda Moe, alisimama mara mbili katikati ya mbio akiwa ametanguliza viganja. Na mimi, moja, mbili, tatu, kushoto. Moja, mbili, tatu, kushoto. Kiungo wao alinishangaa mwanzoni. Baadaye akawa ananisubiri kushoto, anauchukua mpira pale kwa utulivu wa mtu anayechuma tufaha. Wenyeji wetu walicheka hadi mwamuzi akawakemea, kisha mwamuzi mwenyewe akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Tulifungwa kumi na mbili kwa tatu.

Ndani ya treni, kurudi, Tillie aliweka kofia yake magotini.

"Tumemkwepa shemeji mara arobaini," alisema, "na wala hakuja."

Hedda akaangua kicheko, halafu kilio, halafu vyote kwa pamoja. Bi Whitcomb alisubiri amalize.

"Nguzo mnayo vichwani," alisema. "Na haitatoka kwa kuambiwa. Tunahitaji sakafu tupu ya kuchezea mpaka miguu isahau. Nani anaijua sakafu tupu Lindal?"

Kanisani haiwezekani. Madarasani madawati yalipigiliwa misumari.

"Darini mwa banda letu la ng'ombe," nikasema. "Sakafu ni ya mbao, paa liko juu, hakuna nguzo katikati. Ila pamejaa nyasi kavu."

"Zote?"

"Mwezi huu zimebaki nusu. Ng'ombe wanakula kila siku."

"Na baba yako?"

Hapo sasa.

Nilimkuta baba akikamua. Baba hakupenda kuzungumza, na kama ni lazima azungumze alipenda afanye hivyo akiwa amempa ng'ombe uso na wewe mgongo.

"Baba, timu inaomba dari."

"Ya nini?"

"Tuchezee. Mara tatu kwa wiki, mchana."

"Ng'ombe watashtuka."

"Tutajitahidi."

Maziwa yaligonga ndoo kwa muda. "Wangapi?"

"Sita, na mwalimu. Na... baba, wewe usipande. Wanaume hawaruhusiwi kutazama."

Mikono ikasimama. Ng'ombe naye akageuza kichwa. "Banda nimelijenga mimi, nisipande?"

"Ndiyo, baba."

Alirudi kukamua. Nilisubiri mpaka ndoo ikajaa, na ndoo ile ilikuwa kubwa. Aliinuka, akaibeba, akapita mbele yangu kuelekea mlango mdogo.

"Inama ukitoka," alisema.

Kwa baba yangu, hiyo ilikuwa ndiyo.

Siku ya kwanza tulipata nafasi ndogo tu, kandokando ya tundu la kushushia nyasi. Tukarushiana mpira tukiwa tumesimama, nyasi zimetuzingira pande zote hadi shingoni, tukipiga chafya. Nilirudi kulala nikiwa nimekata tamaa. Lakini tulipopanda tena baada ya siku mbili, sakafu ilikuwa imeongezeka hatua nne. Wiki iliyofuata tulipata upana wa kukimbia. Mwisho wa wiki hiyo nyasi zote za katikati zilikuwa zimekwisha, zilizobaki zimeshindiliwa upande wa kaskazini hadi kwenye boriti, na Bi Whitcomb akachora mistari yake mitatu ya chaki kwenye mbao zilizofagiliwa.

"Thora," aliuliza Tillie, "hao ng'ombe wenu wana matumbo gani?"

"Kumi na wawili," nikajibu kipumbavu, maana na mimi nilikuwa nashangaa.

Tukaning'iniza vikapu viwili vya kuchumia tufaha, tukacheza. Mwanzoni ilikuwa aibu ileile: kila mtu alikwepa hewa. Bi Whitcomb alisimama palepale katikati, mahali pa Olaf, kisha akasogea kando na kutuamuru tupite pale alipotoka. Wenzangu walianza kupona mmoja mmoja. Hedda alipona kwa siku tatu. Mimi nilikuwa na mume, wao walikuwa na shemeji tu, na mume haachiki kwa haraka.

Siku moja mpira ulitumbukia kwenye tundu. Tulisikia ng'ombe akilalamika, ndoo ikiviringika, halafu kimya. Tukajua tumefukuzwa. Kisha mpira ukapanda kutoka chini kupitia tundu lile, wima, ukaja kutua mikononi mwangu ukiwa na harufu ya maziwa.

"Mwambieni mzee ajiunge," alinong'ona Tillie. "Tuna upungufu wa washambuliaji."

Jioni ile mezani, baba alikuwa anapaka siagi kwenye kiazi. Mama, ambaye huzungumza kwa niaba yao wawili, alikuwa ametoka kuchukua kuni.

"Yupo mmoja huko juu," baba alisema ghafla. "Namsikia kwa miguu. Anakwenda moja, mbili, tatu, halafu pembeni. Kila mara. Kila mara upande wa kushoto."

Niliinamia sahani. "Ni mimi, baba."

"Kuna nini pale?"

"Hakuna kitu."

"Nimeijenga ile sakafu. Najua hakuna kitu." Aliendelea na siagi yake. "Sasa unaogopa nini?"

Nilitaka kumweleza Olaf, na pua ya Lavinia, na mkuu wa chuo, na benchi la nyuma. Mama akaingia na kuni, nikainuka kumpokea. Lakini lile swali halikunitoka kichwani.

Mechi ya Harwick ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu. Theluji iliziba reli siku mbili kabla. Asubuhi ya mechi tulikuwa tumekaa chuoni kama wafiwa, mara baba akasimama uani na farasi wetu wawili na gari kubwa la kuteleza juu ya theluji, lile la kubebea magogo. Ndani alikuwa ametandika nyasi, mablanketi, na matofali yaliyopashwa moto na kufungwa magunia.

"Maili kumi na nne," alimwambia Bi Whitcomb. "Pandeni."

Tulipanda sisi sita, mwalimu, na Bi Lathrop aliyekuja kuwa macho ya mumewe, amevaa kofia yenye manyoya ya ndege iliyokuwa inapigana na upepo njia nzima.

Lavinia alitupokea mlangoni. Pua yake ilikuwa imepona, ila ilikuwa na kona ambayo haikuwepo mwezi wa kwanza. Wenzangu walitangulia kuingia, mimi nikabaki.

"Pua yako ni kosa langu," nilimwambia. "Nilijua nguzo ilipo. Nilikupeleka makusudi. Naomba radhi."

Alinitazama kutoka chini hadi juu, na kwangu hiyo ni safari ndefu.

"Nilijua kwamba ulijua," alisema. "Ndiyo maana nimekusubiri kwa hamu. Karibu ndani. Na leo uje wewe."

Nilikuja mimi, na kipindi cha kwanza nilikuwa mbovu. Nikiwa na hofu, miguu hurudia inachokijua. Moja, mbili, tatu, kushoto. Lavinia hakuhitaji hata mara tatu kunisoma. Alikuwa ananisubiri kule kushoto, na mara moja alinipa mkono kama anayepokea mgeni stesheni. Mapumziko tulikuwa nyuma sita kwa mbili.

Tillie alinijia na kikombe cha maji. Safari hii hakucheka.

"Shemeji amekufuata mpaka huku?"

"Siwezi, Tillie. Mguu unakwenda wenyewe."

"Sikiliza. Mimi baba yangu anataka nirudi nikakande unga, na nitaukanda, sina neno. Lakini mwakani nataka Jumamosi zangu. Hizi ndizo nilizo nazo. Kwa hiyo mwache huyo mwanamume."

Kipindi cha pili mabeki wetu walisimama imara. Hedda aliiba mpira mara mbili, Tillie akatumbukiza moja kutoka mbali na nyingine kutoka chini ya kikapu, na ikawa sita kwa sita. Bi Lathrop alikuwa amesimama juu ya benchi. Kofia yake ilikuwa sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Ikabaki dakika moja, na mwamuzi akaitangaza kwa sauti. Beki wetu aliudaka mpira uliogonga ukingo wa kikapu, akageuka, akatafuta mtu katikati. Hedda alikuwa amebanwa. Nikaanza kukimbia. Moja. Lavinia alikuwa begani kwangu. Mbili. Nilimsikia akianza kuhama. Tatu, na tayari alikuwa amekwenda kushoto, uzito wake wote, kunisubiri. Mwili wangu nao ulishaanza kupinda. Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya baba juu ya kiazi chake: sasa unaogopa nini?

Nikaenda mbele.

Nilikanyaga palepale ambapo Olaf angesimama, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga majira yote ya baridi. Nilifumba macho kidogo, nakiri. Hapakuwa na kitu. Mpira ulinikuta nimesimama wima, mikono juu, na katika ukumbi ule mzima hapakuwa na mkono mwingine uliofika pale. Niliutupa juu ya kila mtu. Tillie aliudaka, hakusubiri, akarusha. Mpira ulizunguka ukingo mara moja, ukazunguka tena, ukaingia.

Nane kwa sita. Firimbi.

Sikumbuki nani alinikumbatia kwanza. Namkumbuka Bi Lathrop, nywele zimefumuka, akinishika mikono yote miwili. "Nitamwambia mume wangu leo hii," alisema. "Na asipokubali, nitamwambia kesho, na keshokutwa, mpaka akubali ndipo anywe supu yake kwa amani."

Na namkumbuka Lavinia akija na kakao mbili.

"Mumeo yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Umefanya vizuri." Alikunywa, akaguna. "Mwakani tutakuja kwenu tena. Ila mvalishe kitu."

"Nitamshonea godoro la nyasi. Kuanzia chini mpaka juu ya kichwa chako."

Alicheka huku ameshika pua, maana bado ilikuwa inamuuma akicheka. Godoro nililishona, kama mnataka kujua, na Lavinia alikuja, na tukafungwa. Lakini hiyo ni ya mwaka mwingine.

Baba alikuwa uani na farasi. Hakuwa amesogea hata dirishani.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Na?"

"Nane kwa sita. Sisi."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaza mkanda wa farasi ambao ulikuwa umekazwa tayari. Aliukaza kwa muda mrefu.

Kurudi, wenzangu waliimba nyuma mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikaa mbele karibu naye. Ilifika mahali akavua glavu kufungua fundo la hatamu, na nikaona viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge, mapya juu ya yaliyopasuka. Viganja vya baba vilikuwa vigumu kama ngozi ya viatu, na shamba zima lilikuwa limelala chini ya theluji. Kazi ya kuvifanya hivyo mwezi wa tatu ilikuwa moja tu: uma wa kuhamishia nyasi, asubuhi baada ya asubuhi.

"Baba," nikasema, "ng'ombe kumi na wawili hawawezi kula nyasi zote zile kwa wiki mbili."

Aliangalia masikio ya farasi.

"Walikuwa na njaa mwaka huu," alisema.

Nilisogea tu, bega langu likagusa lake. Hakulihamisha.

Tuliwashusha wenzangu chuoni, tukafika nyumbani jua linakaribia kuzama. Niliruka chini nikakimbilia mlangoni nimpe mama habari, nikaingia kwa kasi, kichwa juu, na kizingiti cha juu kikanipiga kwenye paji la uso hadi nikaketi kwenye theluji. Miaka yote niliinama pale bila kufikiri. Siku ile nilisahau.

Baba alisimama juu yangu. Kwanza akakunja uso, kisha kitu kikamtoka kifuani ambacho sikukitambua, maana sikuwahi kukisikia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Mama alitoka na mwiko, akatutazama sisi wawili, mmoja chini mmoja ukutani, akarudi ndani akisema amezungukwa na wendawazimu.

Asubuhi niliamshwa na baridi jikoni na kelele za mama. "Halvor! Unaniharibia nyumba!" Nilitoka nikiwa na uvimbe wangu. Mlango ulikuwa wazi, theluji ikiingia ndani, na baba alikuwa amepanda juu ya kigoda cha kukamulia, kalamu ya seremala sikioni, msumeno mkononi, akilikagua gogo alilolipima miaka ishirini na miwili iliyopita kwa kichwa chake mwenyewe.

"Njoo hapa," aliniita. "Weka mgongo kwenye mwimo wa mlango."

Nikaweka, na kwa mazoea nikakunja mabega na kuinamisha shingo. Alichukua kalamu, akangoja. Hakuweka alama.

"Sivyo," alisema. "Simama wima, Thora. Nipime sawasawa."